Msimu Ukishaharibika: Kutoa Wakongwe na Kuchukua Chipukizi kwenye Besiboli

Tarehe 31 Julai 1997, White Sox ya Chicago ilikuwa nyuma ya vinara wa kundi lake, Cleveland, kwa mechi tatu na nusu tu, na miezi miwili ya msimu ilikuwa bado imebaki. Siku hiyohiyo uongozi uliwapa San Francisco Giants warushaji watatu kwa mkupuo: Wilson Álvarez, Danny Darwin na mrushaji wa kumalizia mechi, Roberto Hernández. Wakarudishiwa vijana sita ambao mashabiki wengi hawakuwahi hata kuwasikia. Mji ukawaka hasira. Biashara ile ikaitwa Bendera Nyeupe, na jina hilo halijaitoka mpaka leo, kwa maana kwamba klabu ilisalimu amri ilhali mapambano hayajaisha.

Naitetea biashara ile. Giants walitolewa kwenye mtoano na Florida bila kushinda hata mechi moja, na msimu ulipoisha Álvarez na Hernández wakaondoka zao kusaini Tampa Bay. Mwaka 2000 White Sox ilishinda mechi 95 na kuongoza kundi, na aliyekuwa akizimalizia mechi zile ni Keith Foulke akisaidiwa na Bob Howry, wawili kati ya wale sita. Kijana aliyetajwa sana siku ya biashara, Mike Caruso, alianza vizuri mwaka 1998 kisha akafifia mapema. Waliolipa deni walikuwa warushaji wawili wa akiba, yaani wanaoingia mechi ikiendelea kumpokea aliyeanza, ambao magazeti yaliwapa mstari mmoja.

Chicago ina klabu mbili za ligi kuu, White Sox kusini mwa jiji na Cubs kaskazini, na zote mbili zimeshawahi kubomoa kikosi ili kujenga upya. Ukitaka kuelewa kazi hii inavyofanyika na inapoharibikia, mji huo mmoja unatosha karibu kila kitu.

Kwanza niweke sawa jambo ambalo humchanganya aliyezoea dirisha la usajili la soka. Kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani klabu haiuzi mchezaji kwa ada ya uhamisho. Mchezaji hutolewa na mchezaji mwingine huingia, na mkataba unahama pamoja naye kama ulivyo: mshahara, miaka, vifungu vyote. Mchezaji haulizwi, isipokuwa ana haki ya kukataa. Pili, hakuna kushuka daraja. Klabu iliyopoteza mechi 100 kati ya 162 itaanza mwaka ujao palepale na wengine 29, sifuri kwa sifuri. Ndiyo maana kuna sababu ya kumtoa nyota wako mwezi Julai. Kwenye soka la kwetu ungekuwa umejichimbia kaburi.

Kinachouzwa hasa ni siku zilizobaki kwenye mkataba, na ukilishika hilo, mengine yote hujipanga. Chukua mkongwe anayelipwa dola milioni 20 kwa mwaka, mkataba wake ukiisha Oktoba. Msimu una siku zipatazo 186 na mshahara hulipwa kwa siku, kwa hiyo ni kama dola 107,500 kila siku. Ukimtoa zikiwa zimebaki siku 60, mnunuzi anachukua deni la takriban dola milioni 6.45, na anachopata ni hizo siku 60 pamoja na mtoano. Basi. Upande wa pili, chipukizi ambaye hajacheza ligi kuu yuko chini ya klabu kwa miaka sita ya utumishi, na mitatu ya kwanza kwa kawaida hulipwa kiasi kisichozidi sana kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mauzo ya Julai ni kutoa siku 60 za ghali ili kupata miaka sita ya bei nafuu ambayo haina uhakika. Hilo la mwisho ndilo linalofanya kazi iwe ngumu.

Kazi yenyewe huanza mapema kuliko watu wanavyofikiri. Tangu 2022 klabu 12 huingia mtoano, na matokeo yake ni kwamba mwezi Juni klabu nyingi mbovu bado zinajidanganya kwamba zimo. Wauzaji wa kweli wanakuwa wachache mwanzoni mwa Julai, na bei huwa juu. Wiki ya mwisho, dirisha likikaribia kufungwa, klabu nane au tisa humwaga bidhaa sokoni kwa pamoja na mrushaji wa akiba uliyemthamini sana anageuka kuwa mmoja kati ya kumi na tano. Kabla ya 2019 ilikuwa bado inawezekana kupitisha mchezaji mwezi Agosti kwa njia ya mzunguko. Detroit walimpeleka mrushaji wao Justin Verlander Houston sekunde chache kabla ya saa sita ya usiku wa Agosti 31, 2017. Mlango huo umefungwa. Sasa ni siku moja tu, kati ya Julai 28 na Agosti 3 kadiri kamishna atakavyopanga.

White Sox walilijua hili walipomtoa José Quintana. Hawakungoja mwisho wa mwezi. Tarehe 13 Julai 2017, wakati wa mapumziko ya katikati ya msimu, walimpeleka kwa majirani zao Cubs, waliokuwa mabingwa watetezi lakini wameshinda 43 na kupoteza 45, na warushaji wao wamechoka. Quintana mwenyewe hakuwa na msimu mzuri. Alikuwa akiruhusu wastani wa alama 4.49 kwa kila mechi nzima ya kurusha. Lakini mkataba wake ulikuwa unaweza kuendelea hadi mwisho wa 2020 kwa mshahara wa chini ya bei ya soko. Miaka mitatu na nusu, si siku 60. Ndiyo sababu kijana wa kwanza waliyempata alikuwa Eloy Jiménez, mmoja wa wapigaji waliokuwa wakisubiriwa kwa hamu kubwa kuliko wote nchini, wa pili Dylan Cease, na juu yao wakaongezewa wawili zaidi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya muuzaji ni kuchukua kikosi chake na kukipanga kwa tarehe za mikataba, akiacha ubora kwa baadaye kidogo. Wanaomaliza mwaka huu lazima waende, kwa sababu mchezaji aliyehamishwa katikati ya msimu hawezi hata kumletea mnunuzi wake fidia ya drafti (nafasi ya ziada kwenye uchaguzi wa vijana wa kila mwaka) akiondoka, na ukibaki naye wewe mwenyewe mara nyingi utabaki mikono mitupu. Wenye mwaka mmoja na nusu ndio bidhaa bora ya Julai. Wenye miaka miwili au zaidi wanaweza kusubiri Desemba, kwa sababu Julai unaongea na klabu zinazowania ubingwa tu, ilhali Desemba klabu zote 29 zinaamini mwaka ujao ni wao. Warushaji wa akiba ni habari nyingine: watoe wakiwa moto, haraka. Mkono wa mrushaji wa akiba hauna adabu, leo ni mzuri na mwakani haupo. Julai 2016 Yankees ya New York ilimtoa mrushaji wa kumalizia mechi, Aroldis Chapman, aliyebakiza miezi mitatu, wakapata kwa Cubs Gleyber Torres na wengine watatu. Desemba wakamsaini Chapman upya. Cubs nao walishinda ubingwa wa kwanza baada ya miaka 108, kwa hiyo hakuna aliyelia.

Cubs wenyewe walikuwa wameshaonyesha ujanja mwingine wakati wakiwa hoi. Novemba 2012 walimsaini mrushaji Scott Feldman kwa mwaka mmoja na dola milioni 6. Hakuna aliyetegemea awape ubingwa. Walimsaini ili wamtoe. Akarusha vizuri miezi mitatu, na Julai 2, 2013 wakamkabidhi Baltimore pamoja na mdakaji Steve Clevenger. Klabu mbovu ina kitu ambacho klabu nzuri haina: nafasi ya kumpa mkongwe anayetaka kujijenga upya. Mwambie ataanza kila siku ya tano hata akipigwa, naye atasaini kwa bei ndogo. Watatu wa namna hiyo kila mwaka, na mmoja atakulipa.

Swali zito zaidi ni umwombe nani.

Kosa la kawaida ni kuchukua orodha za chipukizi bora zinazochapishwa kila mwaka na kuanza kudai kwa majina. Klabu inayonunua haiwezi kukupa jina la kwanza kwenye orodha yake kwa siku 60 za mtu, na ukikubali la nne kwa sababu tu ni la nne, umenunua maoni ya mtu mwingine. Dawa ni kuangalia orodha nyingine kabisa, ile ya wachezaji 40.

Kila klabu ina wachezaji 26 wanaocheza na jumla ya 40 walio chini ya ulinzi wa mkataba wa ligi kuu. Chipukizi aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini ana misimu mitano kabla ya kulazimika kuwekwa ndani ya 40. Aliyesaini akiwa na 19 au zaidi ana minne. Asipowekwa ifikapo katikati ya Novemba, klabu nyingine yoyote yenye nafasi inaweza kumchukua Desemba kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba abaki kwenye kikosi cha ligi kuu msimu mzima ujao, ama arudishwe kwa nusu ya bei hiyo. Klabu bora huwa imejaa: wachezaji 40 wazuri na vijana watano au sita nje ya mlango wanaohitaji kuingia Novemba. Wawili kati yao itawapoteza bure. Wewe uliyewatoa wakongwe wanne una nafasi nne wazi. Kaa chini mwezi Juni, ipitie klabu moja moja kati ya zile zinazonunua, hesabu nani anatakiwa kulindwa mwaka huu, na uombe hapohapo. Mwenzako anakupa kitu ambacho kwake kinaoza, kwako ni kipya.

Lakini usizidishe. Kijana akiingia kwenye 40 saa yake inaanza kukimbia: akiteremshwa timu za chini anatumia moja ya misimu mitatu ya kuteremshwa, na ikiisha mitatu lazima abaki juu au aachwe sokoni. Ukichukua watano wa aina hiyo kwa pamoja, baada ya miaka mitatu watano wote wanakugongea mlango siku moja. Na kuna ukomo mwingine ambao husahaulika: tangu 2024 klabu inaruhusiwa wachezaji 165 tu kwenye vitalu vyake vya Marekani, yaani timu zake za chini za kukuzia vijana, kutoka 180. Ukitoa mmoja na kuchukua wanne, watatu wengine lazima waende nyumbani.

Kwa hiyo changanya. Mmoja aliye karibu, Double-A au Triple-A, ngazi mbili zilizo chini tu ya ligi kuu. Mmoja au wawili walio chini kabisa, miaka 17 hadi 19, ambao hakuna orodha inayowataja. Huko chini ndiko kuna vijana kutoka Jamhuri ya Dominika, Venezuela, na siku hizi hata Uganda. David Matoma, mrushaji Mganda, alisainiwa na Pittsburgh na kuanzia kwenye ngazi hizo. Na ndiko San Diego walikomkuta Fernando Tatis Jr. Juni 2016, wakiwa katika msimu wa hovyo, walikuwa na mrushaji mwenye miaka 34, James Shields, ambaye walikuwa tayari kulipa sehemu ya mshahara wake ili aondoke. White Sox walimchukua wakawapa Erik Johnson na mtoto wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja rasmi ya kulipwa. Mtoto huyo alipiga homurani (pigo linalovusha mpira nje ya uwanja) 42 mwaka 2021. Shields aliruhusu alama nyingi mno na White Sox hawakwenda popote. Aliyekuwa anauza siku hiyo ndiye aliyekuwa anajua alichokuwa anatazama.

Kutazama ndiyo kazi ya maskauti, nayo ina hesabu yake. Tangu 2021 timu za ngazi za juu za vitalu hucheza mechi sita na mpinzani mmoja, Jumanne hadi Jumapili, Jumatatu ni mapumziko. Skauti akikaa uwanja mmoja siku sita anaona takriban kila mrushaji wa kuanza mara moja na kila mpigaji zaidi ya mara ishirini. Mtume mapema Juni, kisha mtume mwingine Julai kwa wale walewale, bila kumwonyesha maandishi ya wa kwanza. Mrushaji usimhukumu kwa kasi ya zamu ya kwanza kati ya zamu tisa za mechi. Tazama zamu ya tano: kasi imeshuka kwa maili ngapi? Anayo aina ya tatu ya mpira anayoiamini akiwa amerusha mipira mibaya mingi kuliko mizuri kwa mpigaji? Mpigaji, acha homurani. Hesabu mara ngapi anakosa mipira iliyopita ndani ya eneo halali. Anayekosa hiyo kwenye Double-A ataikosa zaidi juu. Halafu umri. Mwenye miaka 20 anayepiga wastani kwenye Double-A ni bora kuliko mwenye 24 anayewatesa watoto palepale.

Maskauti huandika kwa kipimo cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Binafsi huamini zaidi ripoti inayosema 50 kwa uhakika kuliko 60 yenye alama ya kuuliza, hasa kwa mrushaji. Verlander alipokwenda Houston, nguzo ya malipo ilikuwa Franklin Pérez, mrushaji wa miaka 19 aliyekuwa tayari kwenye Double-A. Majeraha yalimla mwaka baada ya mwaka na hakufika ligi kuu. Aliyebaki kuwa na faida ni mdakaji Jake Rogers, aliyekuwa wa tatu kutajwa. Ukichukua warushaji, chukua zaidi ya mmoja, kwa sababu kiwiko kimoja kitakatika.

Ila kuna jambo kubwa kuliko kuchagua, na hapa ndipo Cubs walipoiacha White Sox. Kwa Feldman na Clevenger, Baltimore waliwapa mrushaji wa akiba Pedro Strop na Jake Arrieta. Arrieta hakuwa chipukizi tena. Alikuwa na miaka 27 na wastani wa alama 5.46 katika misimu yake minne pale. Mkono wake ulikuwa na nguvu zote, lakini Baltimore walikuwa wamembadilisha mwendo. Kwa asili Arrieta hukanyaga mguu wa mbele upande wa besi ya tatu, mwili ukabaki umefungwa, kisha mkono ukazunguka kukatiza kifua, na mpira ukamjia mpigaji wa mkono wa kulia kana kwamba unatokea nyuma ya mgongo wake. Makocha wengi huliona hilo kama kosa. Cubs walimpeleka kwanza Iowa, timu yao ya Triple-A, wakamwacha akanyage anapotaka na wakamrudishia slaida yake ya kasi, mpira unaopinda pembeni. Mwaka 2015 alishinda mechi 22, akapoteza 6, wastani 1.77, na kuchukua tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake.

Mwaka mmoja kabla ya kumpata Arrieta, Julai 31, 2012, walikuwa wamempata mrushaji Kyle Hendricks kwa mkongwe Ryan Dempster. Hendricks alichaguliwa raundi ya nane akitoka chuo cha Dartmouth, mpira wake haukuwa na kasi ya kumtisha mtu. Mwaka 2016 aliongoza ligi kuu nzima kwa wastani wa 2.13 na ndiye aliyeanza mechi ya saba ya fainali. Cubs walijua wanachoweza kumfundisha na ambacho hawahitaji kumfundisha. Ukinunua kijana ambaye makocha wako hawajui la kumfanyia, umenunua picha yake tu.

Dempster huyohuyo ananileta kwenye vikwazo. Siku chache kabla, Cubs walikuwa wameshakubaliana na Atlanta, na habari zikavuja kabla yeye hajaambiwa vizuri. Mchezaji mwenye miaka kumi ligi kuu, mitano ya mwisho kwenye klabu moja, ana haki ya kukataa biashara yoyote. Dempster akakataa. Cubs wakafika hadi siku ya mwisho, wakamtoa Texas, na kwa bahati wakapata kitu bora zaidi. Usitegemee bahati hiyo. Mwite mkongwe mwenye haki hiyo mwezi Juni, muulize klabu tatu au nne ambazo angekwenda, na utume maskauti wako kwa hizo tu. Mdakaji Jonathan Lucroy alikuwa na kifungu cha namna hiyo kwenye mkataba wake mwaka 2016 na aliikataa Cleveland baada ya Milwaukee kuwa wamekwisha kukubaliana nao. Ilibidi wahangaike upya hadi Texas.

Kisha afya. Biashara haijakamilika mpaka madaktari wa pande zote wapitie mafaili: picha za bega, kiwiko, nyonga, sindano zilizowahi kuchomwa. Julai 29, 2015 Mets ya New York walikuwa wanamtoa Wilmer Flores na mrushaji Zack Wheeler kwenda Milwaukee kwa Carlos Gómez. Habari ikasambaa mechi ikiendelea, na Flores, aliyeingia klabu ile akiwa mtoto wa miaka 16, akabaki uwanjani akifuta machozi kwa mkono wa jezi huku kamera zikimwangalia. Halafu biashara ikavunjika. Mets hawakuridhika na nyonga ya Gómez. Siku mbili baadaye Flores alipiga homurani ya kumaliza mechi zamu ya 12. Linapendeza kusimuliwa, lakini kwa aliye kwenye kiti cha meneja mkuu ni onyo: kamilisha karatasi za afya kabla mtu yeyote nje ya chumba hajasikia jina. Faili la mchezaji wako liwe tayari kabla ya Julai mosi, na usifiche kitu. Mnunuzi akigundua sindano ambayo hukuisema, bei inashuka zikiwa zimebaki saa mbili.

Kuhusu fedha nitasema kifupi, kwa sababu kanuni ni moja: kadiri unavyolipa mshahara wa unayemtoa, ndivyo kijana anavyokuwa bora. Mwaka 2023 Mets walimpeleka mrushaji mkongwe Max Scherzer Texas na kulipa takriban dola milioni 35 za mshahara wake; walichopata ni chipukizi Luisangel Acuña. Texas wakachukua ubingwa mwaka uleule. Klabu isiyotaka kulipa chochote inapunguza mshahara na kupata vijana wa kujaza nafasi. Mashabiki wana haki ya kujua tofauti kati ya hayo mawili.

Sasa White Sox ya mara ya pili. Kati ya Desemba 2016 na Julai 2017 walimtoa mrushaji nyota Chris Sale wakampata Yoán Moncada na Michael Kopech, Adam Eaton wakampata Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning, na Quintana kama nilivyoeleza. Hakuna aliyeuza vizuri kuliko wao miaka hiyo. Walipoteza mechi 95, kisha 100, kisha 89. Waliingia mtoano 2020 na 2021, wakashinda mechi moja kila mara na kutolewa. Mwaka 2024 walipoteza mechi 121, kuliko Mets ya 1962 na timu nyingine yoyote ya zama hizi.

Nini kilitokea? Kiwiko cha Kopech kilihitaji upasuaji wa Tommy John, wa kubadilisha kano la kiwiko, Septemba 2018. Eloy alichanika msuli wa kifua Machi 2021 akiruka ukutani kufuata homurani kwenye mechi ya mazoezi, na hakuwahi kukaa mzima muda mrefu tena. Hayo ni ya Mungu. Lakini nyuma ya nyota wale hapakuwa na mtu. Klabu ilijaza juu ikasahau kitalu. Mmoja akiumia, aliyepanda hakuwa wa ligi kuu. Na wakati dirisha lao lilipofunguka wakawa wanunuzi wabaya: Julai 2021 walimtoa Nick Madrigal na Codi Heuer kwa Cubs, waliokuwa wakiuza, ili wampate Craig Kimbrel afanye kazi ya zamu ya nane ilhali walikuwa na mrushaji wao wa kumalizia mechi tayari. Kimbrel hakuwafaa. Sehemu ya kuuza ni mwaka mmoja. Sehemu ya kufundisha, kujaza na kuongeza ni mitano, na kila mwaka drafti na vijana wa nje lazima viendelee kuleta watu, la sivyo wale sita uliowapata watazeeka pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa. Cease, aliyekuja akiwa na miaka 21 kwenye ngazi za chini, alikuwa wa pili kwenye kura za mrushaji bora mwaka 2022, na Machi 2024 alikuwa yeye sasa ndiye mkongwe wa kutolewa. San Diego walimlipia kwa vijana wakiongozwa na mrushaji Drew Thorpe. Thorpe alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka uliofuata. Eloy alikwenda Baltimore Julai 30, 2024 kwa mrushaji mmoja. Kopech siku hizohizo alikwenda Los Angeles.

Garrett Crochet hawakumtoa Julai ile, na nadhani walifanya sawa, ingawa kelele zilikuwa nyingi. Alikuwa mrushaji wa kushoto wa hali ya juu, lakini ulikuwa msimu wake wa kwanza wa kuanza mechi na wanunuzi waliogopa zamu zilizokwisha kujilimbikiza kwenye mkono wake. Desemba hofu hiyo haikuwepo. Boston walitoa wanne: mdakaji Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na mrushaji Wikelman González. Wapigaji watatu na mrushaji mmoja, mgawanyo wa mtu aliyejifunza kitu kuhusu viwiko. Meidroth alipanda Aprili 2025, Teel mwanzoni mwa Juni. Mwaka wa utumishi ni siku 172, na Teel aliitwa zikiwa zimebaki pungufu ya 120. Crochet alikuwa amebakiza misimu miwili kabla ya kuwa huru. Teel, msimu ule wa kwanza usipohesabiwa kuwa mwaka kamili, wanaweza kuwa naye hadi mwisho wa 2031.